Kodi Niliyosema Silipi

Rafiki yangu, sogea karibu. Haya ninayokuandikia nimewasimulia watu wachache sana, na wewe nakuhesabu humo humo. Najua utacheka. Cheka tu, mradi ukimaliza tuendelee, maana hata mimi siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni mpaka watoto wanauliza, mama, kuna nini?

Ni habari ya neno moja: kodi.

Lakini nianze na goti langu, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoanzia. Kwa miaka tisa niliuza dagaa nyasa kwa kutembeza. Beseni kichwani, kopo la kupimia mkononi, asubuhi natoka Lizaboni, napita Mfaranyaki, napanda, nashuka, mpaka Bombambili. Anayeijua Songea anajua huku ukimaliza mlima mmoja unakuta mwenzake anakusubiri. Dagaa wakavu ni wepesi, lakini siyo beseni zima, na siyo kila siku ya Mungu. Goti la kulia likaanza kutoa mlio kama mlango. Baadaye likawa linavimba. Daktari akalibonyeza, akaniambia, "Mama, vidonge nitakupa, lakini dawa yenyewe hasa ni kukaa." Nikamuuliza, "Nikikaa, wanangu watakula nini?" Akasema hilo halimo kwenye madawa yake.

Basi nikawa naomba. Mimi ni mtu wa kusali, sina haja ya kuficha. Wengine wanaomba gari, wengine wanaomba watoto wafaulu. Mimi niliomba kitu kimoja tu: Baba, nipe kazi ya kukaa.

Kazi hiyo ikaja kupitia darasani. Niliishia la saba, na nilipofika miaka arobaini nikajiandikisha masomo ya jioni. Tunaingia saa kumi na moja, watoto wa shule wakishatuachia madarasa, tunakaa kwenye madawati yao magoti yakigusa mbao. Mimi nakaa mbele kwa sababu ubao siuoni vizuri. Pembeni yangu anakaa fundi cherehani mmoja, mwenyeji wa Namtumbo, Mwislamu safi, mdogo kwangu kwa miaka kama mitano. Siku moja nilimletea dagaa kidogo kwenye mfuko. Akawamwaga kwenye karatasi nyeupe ya daftari, akawapiga picha kwa simu yake.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nakutangazia. Wapo watu wa huku wanaoishi Dodoma na Dar, wanawalilia hawa kila siku kwenye magrupu. Leta namba yako."

Kufika Jumamosi walishanipigia watu watatu. Baada ya mwezi akanifungulia ukurasa wangu kabisa mtandaoni, akanifundisha kupiga picha, kuandika bei, kujibu. Ndivyo nilivyoanza kuuza dagaa nimekaa. Mama mmoja wa Mbamba Bay ananiletea mzigo, nauchambua kwa mkono, natoa mchanga na vipande, nafunga kwenye kiroba, nashona mdomo, naandika jina na namba ya mteja kwa kalamu ya wino mzito. Bodaboda anapeleka stendi, basi linachukua. Kule stendi wanatoa karatasi ndogo ya mzigo, na karatasi hizo nazitunga kwenye waya nilioupigilia kando ya mlango wa jikoni. Nilianza kuzitunza baada ya kiroba changu kimoja kwenda Mbeya badala ya Dodoma, nikakosa cha kuwaonyesha watu wa basi. Tangu hapo sijatupa hata moja. Na kwa kuwa mwalimu wetu ametuzoesha kuandika kila kitu, nyuma ya kila karatasi naandika mzigo ulikuwa wa shilingi ngapi.

Beseni nikalipandisha juu ya kabati. Goti likapungua kuvimba. Miaka miwili ikapita hivyo.

Sasa ili unielewe nilivyokosea, lazima ujue neno kodi lilikuwa nini nyumbani kwetu. Mimi na baba watoto tulipanga kwa miaka kumi na mmoja. Vyumba viwili hapa, kimoja pale, tukahama tena. Wenye nyumba wanataka miezi sita mbele. Tulikuwa na mama mwenye nyumba mmoja ambaye hakuwahi kutamka kwamba amefuata hela. Alikuwa anakuja, anakaa kwenye kigoda changu, anaangalia sufuria yangu inavyochemka, anasema kwa upole, "Mwanangu, miezi imeisha ee?" Mimi moyo puu. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa hajajua kutofautisha. Mtu akipiga hodi mlangoni, yeye anakimbilia jikoni: "Mama, kodi!"

Baba watoto ni fundi ujenzi. Amejengea watu nyumba nyingi, hasa Tunduru, anakaa huko miezi, na sisi tulikuwa tunapanga. Tofali kwa tofali, mwisho tukahamia kwetu, nyumba haina lipu, madirisha tumeziba kwa mabati. Usiku wa kwanza tulipiga magoti wote kwenye sakafu ya udongo, mimi na hili goti langu bovu, nikasali kwa sauti: Asante Baba kwa kututoa kwenye kodi. Sentensi hiyo nimeisali kila jioni tangu siku ile. Hata kwenye jumuiya yetu ya kanisa, tukiambiwa kila mtu aseme la kushukuru, mimi langu lilijulikana. Nikisimama tu wenzangu wanasema, "Mwacheni mama wa kodi ashukuru."

Basi. Jumanne moja simu ikaita, namba ngeni. Ni dada mmoja wa Dodoma, aliwahi kununua kwangu kiroba kidogo cha kula nyumbani.

"Mama, wale dagaa wako wamenimaliza. Hawana mchanga hata chembe!"

"Nawachambua kwa mkono, dada yangu."

"Sasa sikia. Mimi nasimamia jiko la shule, ya bweni. Watoto wanakula dagaa mara mbili kwa wiki. Nikitaka viroba vinne vikubwa kila baada ya wiki mbili, utaweza?"

Nilisimama. Goti lenyewe lilisahau kuuma.

"Nitaweza."

"Ni mwaka mzima huo, siyo mara moja. Ila na sisi tuna taratibu zetu. Na mambo ya kodi, mama, unalipa?"

Nikafikiri: anataka kujua mimi ni mtu wa namna gani. Mtu anayepangapanga anaweza kuhama kesho na hela za watu. Anataka mtu mwenye kwake. Na kwa swali hilo, rafiki yangu, nilikuwa na jibu lililoiva.

"Kodi? Aa, dada yangu, kodi mimi silipi!" Nikacheka kabisa. "Hata shilingi moja. Mwaka wa nne huu silipi kodi."

"Hulipi?"

"Silipi! Namshukuru Mungu nimeepukana nayo. Wenzangu wanalipa mpaka wanakonda, ukiwaona unawahurumia. Mimi Mungu amenifungulia."

"Na… hakuna anayekuja kukudai?"

"Aje nani? Akija atanikuta nimekaa barazani kwangu, nitamkaribisha chai, atakunywa, ataondoka."

Nikadhani mtandao umekata.

"Haya mama," akasema. "Nimekusikia. Nitakutafuta."

Hakunitafuta. Ikapita Jumatano, Alhamisi, ikapita wiki. Mimi nilishampigia mama wa Mbamba Bay aongeze mzigo, na mzigo ulishafika. Ndoo zilipangwa chumbani mpaka usawa wa dirisha, watoto wakalalamika nguo zao za shule zinanuka. Na mvua zilikuwa zinaanza. Dagaa na unyevu hawapatani, wakishalainika hakuna anayewataka. Wateja wangu wa kiroba kimoja kimoja wasingemaliza mzigo ule. Siku ya kumi nikapanda kwenye kigoda, nikalishusha beseni kutoka juu ya kabati. Nikalifuta vumbi. Nikaliweka sakafuni, nikakaa nikiliangalia, nalo kama linaniangalia.

Jioni ile nikaenda darasani hivyo hivyo, sina raha. Somo lilikuwa Uraia. Mwalimu wetu ni mgeni, ametokea kaskazini, ana sauti ya kupanda. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KODI.

"Nani atupe maana?"

Nikanyoosha mkono. Kama kuna neno nilikuwa nimelisomea, ni hilo. "Mwalimu, kodi ni hela anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba."

"Vizuri. Hiyo ni moja. Nyingine?"

Nikajiuliza, nyingine ipi tena?

"Kodi ya serikali," akasema fundi cherehani wangu.

"Analipa nani?"

"Wenye maduka," akajibu baba mmoja wa nyuma.

"Na anayeuza bila duka?"

Nikasikia madawati yanalia, watu wanageuka. "Mama Dagaa!" mtu akaita. "Mama Dagaa, duka lako liko wapi?"

"Lipo kwenye simu," nikasema.

"Basi tuonyeshe mlango wake na sisi tuingie!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema pato ni pato, liingie kwa mlango au kwa simu, na anayepata anapaswa kujiandikisha na kukadiriwa. Halafu akaongeza, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa jina langu: "Na wala msione ni mzigo tu. Mkitaka kuuza kwa wateja wakubwa, labda hospitali, labda shule, wale wana wakaguzi. Swali la kwanza watakalokuuliza ni hilo: unalipa kodi?"

Kalamu ikaniponyoka.

"Nini?" mwenzangu akaninong'oneza.

Nikamwambia. Kila neno, kama nilivyokwambia wewe. Alisikiliza macho yakizidi kutoka, halafu akainamisha kichwa kwenye dawati, mabega yanatikisika.

"Wallahi dada, ukamwambia wenzako wanakonda?"

"Ndiyo."

"Na mtu wa serikali akija kudai, unampa chai?"

"Nilimwambia atakunywa, ataondoka."

"Astaghfirullah. Akiondoka je, anaaga?"

"Nyie wawili wa mbele," mwalimu akaita, "kuna nini?"

"Mwalimu, mwenzangu anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Kodi."

Tulipotoka, mwenzangu akawa ameshapata dawa. Akasema ni jambo dogo, mpigie huyo dada mwambie ulikuwa unazungumzia nyumba, mtacheka, yataisha. Nikaona ni kweli. Nikasimama pale nje ya geti, nikaitafuta namba, kidole kikawa juu ya kitufe. Hapo ndipo nikawaza: yule dada atacheka, sawa, atasema ahaa, pole mama, nilikuelewa vibaya. Halafu ataniuliza, basi ile ya serikali unalipa?

Nitamjibu nini?

Nikairudisha simu mfukoni. Ndipo nikaona kwamba yule dada hakunielewa vibaya. Alinielewa sawasawa, kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Nimesema silipi hata shilingi, na kweli silipi hata shilingi. Miaka miwili.

Jioni ile tulipopiga magoti kusali, nilipofika kwenye sentensi yangu, nikaikata katikati. Asante Baba kwa kututoa kwenye… Watoto wakasubiri. Nikamalizia, "…kwenye shida," tukasema amina. Mkubwa akanitazama. Nilikuwa nimemshukuru Mungu kila siku kwa sauti, na Mungu anasikia anachosikia.

Nikampigia baba watoto, yuko Tunduru anapandisha ukuta wa mtu. Nikamwambia nataka kwenda ofisi ya mapato.

"Kufanya nini?"

"Kujiandikisha. Nilipe kodi."

"Nani kakutuma?"

"Mwalimu wa Uraia."

"Mwambie akulipie yeye. Mama watoto, una bango?"

"Sina."

"Una mlango wa biashara?"

"Nina wa jikoni."

"Ule ambao hata komeo hauna! Nani anakujua wewe? Unajipeleka mwenyewe mikononi mwao. Watakudai ya nyuma yote, na faini juu yake, kabiashara kataishia palepale kaunta. Halafu urudi kwenye beseni na goti lako hilo."

Alisema jambo nililokuwa naliogopa mimi mwenyewe. Nikamwambia tu, "Baba watoto, mbona sijaenda bado na beseni lipo sakafuni tayari?"

Nikamsikia anagonga mwiko kwenye tofali, ndivyo anavyofanya akifikiri. "Basi nenda," akasema. "Ila wakikuuliza umeanza lini, sema leo."

Fundi cherehani naye, bila kuambizana, alinipa ushauri uleule. Sema leo. Nikaondoka asubuhi na ushauri huo kama nauli. Nilibeba kitambulisho cha taifa, kopo langu la akiba niliyokuwa nakusanya ninunue simu nyingine maana hii kioo kimepasuka, na ule waya wa karatasi za stendi wote, umezungushwa kama shada, kwenye mfuko.

Aliyenihudumia ni binti, mtumishi mgeni hapa kwetu, lafudhi yake ya kanda ya ziwa.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

Marahaba nikaitikia, nikakaa. Rafiki, nimeingia ofisi nyingi na shida zangu nikiwa nimesimama. Kule nilikokuogopa ndiko nilikoambiwa nikae kabla sijafungua mdomo.

Nikamweleza nauza nini na nauzia wapi. Akaandika. Akaniuliza bila kuinua uso, kama mtu anayeuliza jina tu: "Umeanza lini biashara, mama?"

Neno "leo" lilikuwa kwenye ulimi. Ningelisema ningekuwa nimemaliza. Lakini mfuko ulikuwa kwenye mapaja yangu, na ndani yake karatasi ya kwanza kabisa, ya chini kabisa kwenye waya, ilikuwa na miaka miwili. Na nilishasema mengi ambayo sikuwa nayajua maana yake. Sikutaka kuongeza moja ninalolijua.

"Mwaka juzi," nikasema.

Akainua uso. "Mwaka juzi?"

"Sikujua. Nilidhani kodi ni ya wenye milango." Nikautoa waya, nikauweka mezani. "Hizi hapa zote."

Harufu ikatangulia. Kaka wa meza ya pili akageuka. "Leo nani katuletea mboga?"

"Ni vitabu vya mama," binti akamjibu. Akazishika kwa uangalifu, akageuza moja, akaona mwandiko wangu nyuma, akageuza nyingine. "Mama, umeandika zote?"

"Zote. Nasoma jioni."

"Kuna watu wana maduka ya vioo na hawana hivi."

Tukazipitia, mimi nasoma, yeye anajumlisha. Ilichukua asubuhi nzima na kulibaki za kesho yake, nikarudi tena. Akanieleza taratibu, nami nikamwomba arudie, akarudia, kwamba kwa kuwa nina kumbukumbu nitakadiriwa kwa mauzo yaliyoandikwa, na kwamba kwa wadogo kama mimi hiyo inatoka nafuu kuliko kuja mikono mitupu. Mwaka wa kwanza mauzo yalikuwa madogo, hayakufika kiwango cha kulipa kitu. Mwaka uliopita yalifika. Hiyo nalipa, pamoja na nyongeza ya kuchelewa. Ya mwaka huu nitalipa kwa awamu.

Nikafumba macho. "Niambie, mwanangu, inafika ngapi?"

Akaniandikia kwenye karatasi, akaisogeza. Kodi yenyewe ya mwaka uliopita haikufika bei ya ndoo mbili za dagaa. Na nyongeza, na awamu ya kwanza ya mwaka huu, ikameza kopo langu la simu karibu lote. Sikwambii kwamba sikuumia. Niliumia. Ningesema "leo" ningetoka pale na hela ya kioo kipya. Lakini nilikuwa nimeingia pale nikifikiri wananimaliza, na kumbe duka langu bado ni langu.

"Hivi mwanangu," nikamuuliza akiwa ananiandikia namba ya malipo, "kwa nini na hii mliiita kodi? Mbona mnatuchanganya na kodi ya nyumba?"

Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Mama, mimi nimekuta inaitwa hivyo."

"Basi serikali ni mwenye nyumba."

"Ila mwenye nyumba huyu hadai miezi sita mbele," akasema. "Lipa kwa awamu."

Nililipia kwa simu ileile ninayouzia, nimesimama kwenye ngazi za nje, nikiikinga na manyunyu. Ujumbe ukaingia. Kioo kimepasuka katikati kwa hiyo unausoma nusu juu, nusu chini ya ufa. Nikausoma mara mbili. Ulikuwa na majina yangu yote matatu. Sikuwa nimewahi kuyaona yameandikwa hivyo isipokuwa kwenye cheti cha ubatizo na cha ndoa.

Kesho yake nikampigia dada wa Dodoma.

"Dada, ni mimi mama wa dagaa wa Songea. Usikate."

"Sikati, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ile kodi niliyokwambia silipi, ilikuwa ya nyumba."

Nikasikia kitu kama kikohozi. "Ya nyumba?"

"Tulipanga miaka kumi na mmoja. Nilidhani unaniuliza kama nina kwangu."

Alicheka yule dada! Alicheka mpaka nikamsikia anaita mtu, "Njoo usikie, yule mama wa chai!" Kumbe nilishakuwa hadithi huko jikoni kwao: mama wa Songea anayewapa chai watu wa kodi. Alipotulia akaniuliza, kama nilivyojua ataniuliza: "Na ile nyingine?"

"Nimeilipa jana. Na ya mwaka jana. Nikutumie namba yangu ya mlipakodi?"

"Mama, mzigo wa muhula huu nilishampa mtu mwingine. Sikuwa na namna."

"Najua."

"Lakini nitumie hiyo namba. Na nitumie viroba viwili, walimu wanakula kwao, hiyo haihusiani na shule. Muhula ujao tutaongea."

Viroba viwili havikumaliza ndoo zile. Sitakudanganya, beseni lilirudi kichwani kwa wiki tatu. Nilitembea na mvua za mwanzo, goti likalia, na fundi cherehani akanipokea mara mbili, akabeba yeye mtaa mzima wa Mfaranyaki huku akiita, "Dagaa waliolipiwa kodi! Dagaa wenye namba!" Watu wakawa wanacheka na kununua. Ndoo ya mwisho ikaisha, nikalipandisha beseni juu ya kabati.

Muhula ulipofungua, simu ikaita. Viroba vinne, kila baada ya wiki mbili. Mpaka leo vinaenda. Ijumaa ya mzigo naamka, nakaa kwenye kigoda kilekile alichokuwa anakalia yule mama mwenye nyumba, nachambua. Simu bado ina ufa. Baba watoto alipokuja likizo aliweka komeo kwenye mlango wa jikoni, na juu ya mlango kwa chokaa akaandika, bila kuniuliza, DUKA. Halafu akajifanya hajaandika yeye.

Na sala yangu nimeirekebisha. Nilimweleza padre habari yote, akacheka kidogo, akaniambia nisali kama moyo unavyonituma. Basi sasa nasema: Asante Baba kwa kodi uliyotuepusha nayo, na asante kwa kodi uliyonipa uwezo wa kulipa. Watoto wanasema amina haraka haraka wakale. Kwenye jumuiya bado wananiita mama wa kodi, na siku hizi naitika kwa sauti.

Nimekuandikia wewe kwa sababu najua unamfahamu mtu. Sisi sote tunamfahamu. Anauza mitumba kwenye simu, au keki, au asali ya kwao, na anasema yeye ni mdogo sana, hana mlango, nani anamjua. Nakuomba usimhubirie wala kumtisha, mimi nilishatishwa na mume wangu mwenyewe inatosha. Muulize tu swali lile la dada wa Dodoma: unalipa kodi? Na akikujibu kwa furaha kwamba halipi, anakaa kwake, basi mkalishe chini, mpe chai, umsimulie habari hii.